Pahali pa Frigo katika Balenyere ya Mama Mwamini

Jumanne, tarehe 14 mwezi wa kumi. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika wakati wa chai, kisha jua likatoka kwa nguvu na Lualaba yote ikafuka mvuke kama sufuria iliyosahauliwa mekoni.

Jana vijana wawili wa shantié ya chini, pale wanapotengeneza boti, walinifuata hapa nyumbani. Wamepewa boti yenye frigo, lile jokofu la umeme, iliyojengewa ndani ya ukuta, imekufa zamani, na mwenye boti anataka pale pawe pahali pa kuwekea vitu. "Papa Deo, tuanzie wapi?" Nikawajibu: toeni frigo, wekeni mbao, basi. Walipoondoka nikajiona kama mtu aliyeulizwa njia ya Kabambare akasema tu, "Fuata barabara." Aliyeipita njia ile kwa pikipiki wakati wa mvua anajua kwamba barabara yenyewe ndiyo inayotaka maelezo.

Kwa hiyo leo naandika. Shule niliiacha darasa la tano, na hata hilo la tano sina hakika kama lilinikubali. Mkikuta herufi imelala, isimamisheni wenyewe.

Mimi nilifika hapa Nyangwe kijana, Mubangubangu wa Kabambare, mito niliyoijua ni ile ya kuvuka kwa miguu. Aliyenipokea kazini ni marehemu Papa Kalonda, fundi wa mitumbwi na balenyere, hizi boti ndefu za mbao zenye moteri ambazo ninyi mnazijua. Siku ya kwanza aliniuliza kama najua kuogelea. Nikasema ndiyo. Akanisukuma mtoni. Aliponivuta kwa kamba, nikitapika maji, alisema: "Sawa. Sasa nakujua mara mbili. Hujui kuogelea, na unajibu ndiyo kabla ya kufikiri. Kuogelea tutakufundisha."

Ni yeye aliyenionyesha kwamba kila kitu kizito katika boti kinafanya kazi mbili, hata kama mwenyewe anajua moja tu. Tulitoa siku moja jiko la chuma katika boti ya mfanyabiashara. Jiko lilikuwa upande wa kushoto, lilikuwa bovu, hakuna aliyelitaka. Tulipolishusha pwani na kugeuka, boti ilikuwa imeinama upande wa kulia kama mtu anayeumwa sikio. Tangu siku hiyo kazi yangu ya kwanza ni kaa la mekoni lililozimika: chora mstari pale maji yanapofika, kushoto na kulia, kabla hujagusa musumari hata mmoja. Ukishatoa, angalia mstari wako. Maji hayana adabu ya kukuficha ukweli.

Haya. Balenyere ya Mama Mwamini.

Mume wake aliinunua kwa bwana mmoja mnunuzi wa madini, ambaye alikuwa akipanda nayo na kushuka na watu wake. Hakukaa nayo sana, marehemu, homa ikamchukua. Mama Mwamini akabaki na watoto wanne na boti. Shemeji yake, Amuri, alitaka kuipakia mbao na mchanga. Sitaki mumwone Amuri vibaya. Alikuwa amebeba mazishi ya ndugu yake mabegani, na aliona kweli kwamba kusimamia moteri, dereva na polisi wa bandarini si kazi ya kucheka. Lakini Mama Mwamini alikuwa na wazo lake. Wamama wafanyabiashara wa Kasongo walikuwa wakileta sukari, vitenge, unga na daftari za watoto kwa pikipiki mpaka hapa, kisha vitu vinashuka mpaka Kibombo katika boti zisizo na paa la maana, vinafika vimelowa. Yeye alisema: nipeni safari moja. Wazee wa ukoo wakakaa, wakakubaliana. Safari moja kabla ya Ramazani. Vitu vikifika vikavu na wamama wakasema watarudi, boti inabaki mkononi mwake. Vikilowa, Amuri anaichukua.

Akaja kwangu.

"Fundi, pahali pakavu mu boti ni pale tu, nyuma chini ya kapaa. Na pale iko frigo."

"Inafanya kazi?"

"Inafanya kazi ya kulala."

Nikaenda kuiangalia. Frigo kubwa nyeupe, na fundi wa kwanza alikuwa ameiweka kwanza, kisha akajenga chumba kuizunguka, kwa hiyo haikuweza kupita mlangoni. Sijui jina lake na sitamtukana; pengine aliambiwa "fanya haraka" kama sisi wote. Chini yake kulikuwa na kampira ka kutoa maji kanapita katika tundu ubavuni mwa boti.

Sikubomoa ukuta. Nilichora mstari wangu wa kaa, kisha nikaifungua frigo pale pale ilipo, kama mtu anayechinja ng'ombe ndani ya zizi: mlango kwanza, moteri yake ya nyuma, vyuma, na ile sponji ya njano iliyokuwa imekunywa maji ikawa nzito kuliko mtoto mchanga. Boti ikainuka upande ule, nikaweka magunia ya chumvi mpaka mstari ukarudi. Ndani nilikuta kitu kizuri: zile kuta nyeupe laini za plastiki, nzima kabisa. Nikafikiri, panya hapandi hapa, mchwa hapandi hapa. Nikaziacha zisimame. Sakafu ya mbao chini yake nilipiga kwa nyundo, ikalia vizuri, nikaiacha nayo. Tundu la maji nikalifunga kwa kijiti cha mti mgumu kilichovishwa kitambaa na gudroni, ile lami nyeusi ya kuzibia. Nikapanga mbao tatu za kuwekea. Mlango niliufanya ulale: ukiufungua unashuka mbele kama meza, mtu anakatia mkate hapo, tena hauzuii wanaopita. Matundu ya hewa juu na chini, maana kabati lisilo na pumzi, sukari ndani yake inatoka jasho na kuwa jiwe.

Mama Mwamini alifungua na kufunga ule mlango mara nyingi kuliko haja. Kwa kweli nami nilijisikia mtu.

Siku ya kupakia wamama walifika na pikipiki zao tangu asubuhi. Mkubwa wao alikuwa Mama Zaina, mwanamke mpana, mwenye sukari nyingi kuliko wengine wote na ulimi unaolingana na sukari hiyo kwa wingi, si kwa utamu. Aliingiza mkono katika kabati, akapapasa kila kona.

"Kakavu," akasema. "Leo Kibombo watanywa chai yenye haina harufu ya samaki."

Wakaanza kupanga. Sukari chini, unga juu, vitenge juu kabisa. Hapo ndipo alipopita Pascali, akiwa na beseni la mandazi kichwani. Zamani alikuwa mpishi wa yule bwana wa madini, katika boti hii hii. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa mtu aliyeona nyumba yake ya zamani.

"Eeh! Mama Mwamini! Mulitengeneza vizuri! Humu njo nilikuwa nalalisha ngulube ya patron! Moteri ya umeme ilikufa, tukawa tunaweka nyama na chumvi, mapaja kwa mapaja, mpaka mlango unakataa kufunga!"

Ngulube ndiyo nguruwe, na wamama wale wote ni Waislamu. Nilisikia mandazi yake yakipoa.

"Unasema nini, weye?" Mama Zaina akauliza polepole.

"Ngulube ya pori, Mama. Ile mikubwa."

"Sukari yangu itoke."

"Mama Zaina," Mama Mwamini akasema, "ngoja kwanza..."

"Ni sukari ya watu wenye kufunga! Nitawaambia nini? Kwamba ililala kitanda kimoja na ngulube? Itoke!"

Magunia yakaanza kurudi pwani, moja, jingine, jingine. Amuri alikuwa amesimama kando na mikono nyuma. Mama Mwamini akamgeukia.

"Shemeji," akasema Amuri, "naapa, miye sikumutuma huyu Pascali."

Mtu mmoja akasema aitwe mwalimu Issa wa madrasa. Akaja, mtu mtaratibu, akavua viatu kabla ya kupanda ingawa boti ilikuwa na matope. Akasikiliza wote, hata Pascali, hata mimi Mkatoliki. Kisha akasema:

"Jambo si kubwa. Kitu kilaini, chenye hakinywi, kinasafika: maji mara saba, moja yake na udongo. Mbao yenye ilikunywa mafuta ya ile nyama, itoke tu, tusisumbuane." Akanigeukia. "Fundi Deo, ni weye ulifungua humo. Mbao ilikunywa, ao haikunywa?"

Wote wakaniangalia. Mama Mwamini zaidi ya wote. Nilijua vizuri ni jibu gani lingepakia boti saa ile ile. Soko la Kibombo halingojei mtu, na safari aliyopewa ni moja. Plastiki nilikuwa na hakika nayo. Sakafu je? Niliipiga nyundo, ndiyo, lakini nyundo inakuambia mbao ni nzima, haikuambii ilikula nini.

"Mwalimu," nikasema, "sijui."

"Fundi gani haijui mbao yake?" Mama Zaina akadakia.

"Nitanusa."

"Nusa basi!"

Nikainama, nikanusa. Nikasikia gudroni. Mimi hata ua nikilinusa nasikia gudroni. Ndiyo malipo ya kazi hii. Nikatoka, nimeshika kofia, na hapo wazo likanijia. Wazo lilikuwa langu peke yangu, asilaumiwe mwingine. Jirani yangu alikuwa mwindaji, na mbwa wake alisifiwa mpaka Lusangi kwa kunusa nyama chini ya majani ya siku nyingi. Jina la mbwa ni Watasema. Aliitwa hivyo kwa ajili ya majirani, nafikiri mimi pia nikiwemo. Nikakimbia kumchukua.

Vijana wangu, kwetu sisi mbwa analala chini ya kiti cha baba. Sikufikiri. Nilifika pwani nikijivuna, nimeshika kamba.

"Fundi," Mama Mwamini akasema kwa sauti ndogo, "mbwa ya nini?"

"Ni ya kunusa, Mama. Iko na pua kunipita."

"Kunusa wapi?"

"Mu kabati."

Alishika kichwa kwa mikono miwili. Mama Zaina aligeukia watu wote wa Nyangwe: "Wamama, mukuje muone! Tulikuwa na ngulube, fundi ametuongezea mbwa!"

Ndipo nikaelewa. Nilivuta kamba, nikasema "Watasema, rudi! Watasema!" lakini yeye alikuwa ameshasikia habari nzuri. Kamba ikaniponyoka, akaruka ndani. Kuta nyeupe akazipita bila kuzijali. Akaenda moja kwa moja sakafuni, kona ya nyuma, karibu na lile tundu nililolifunga, akaanza kulamba mbao na kuikwangua kwa kucha, hatoki hata kwa kuvutwa mkia. Mwenyewe mwindaji, aliyekuwa amenifuata nyuma, alipomtoa mwishowe, mbwa akaondoka na andazi la Pascali.

Mwalimu Issa alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliogeuzwa, anacheka mpaka kofia imeanguka.

"Fundi Deo! Ulikosa shahidi mwingine mu Nyangwe muzima?"

"Nisamehe, mwalimu."

"Kwa kuosha haibadilike kitu. Ya ngulube ni saba, ya mbwa ni saba. Tutaosha mara moja kwa wote wawili." Akajifuta macho, akawa mtu wa dini tena. "Lakini miye siwezi kuhukumu kwa ulimi wa mbwa. Weye mwenyewe umeona nini?"

"Nimeona sakafu ilikunywa. Itoke."

"Na boti itaondoka leo?"

"Sina hakika."

Mama Mwamini alianza kukunja kitenge alichokuwa amekitandika juu ya mlango wangu wa meza. Afadhali angenitukana.

Nikachukua tindo, nikang'oa ubao wa kwanza. Kwa chini ulikuwa mweusi, wenye mafuta, harufu yake hata mimi niliisikia. Na chini ya ubao, juu ya ubavu wa boti, kulikuwa na maji. Kidogo tu, yanameta. Yalitoka kwenye kijiti changu. Nilikuwa nimekipigilia kutoka ndani, maana ndani ndiko nilikokuwa nimesimama. Boti tupu, tundu linakaa juu ya maji, hutaona kitu. Boti ikipakia, tundu linashuka chini ya maji, na mto unakisukuma kijiti kurudi ndani, kidogo kidogo. Mpaka Kibombo kingekuwa kinaelea katikati ya sukari.

Shikeni hili, vijana, hata mkisahau mengine. Kijiti cha tundu kinapigiliwa kutoka nje, mto wenyewe ukusaidie kukikaza. Na pahali mnapopabadilisha kazi, msiishie pale macho yanaporidhika. Fungueni mpaka ubavu.

Lakini nje palikuwa chini ya maji, kwa uzito wa watu na magunia yaliyokuwa bado botini. Nikasimama nikikuna kichwa. Ni Amuri aliyesema:

"Si tuiinamishe?"

Akawaita wamama wote wapande upande wa pili, na magunia yao, na Pascali na beseni lake. Boti ikaanza kulala, lakini tundu bado.

"Mama Zaina," Amuri akaita, "weye sogea pembeni kabisa. Weye njo nanga yetu."

"Amuri mwana wa watu! Kama siku moja utaoa binti yangu, utalipa hilo neno!"

Lakini akasogea, na tundu likatoka majini. Amuri akavua shati, akaingia mtoni mpaka kiunoni, akanishikia kijiti, nami nikapiga. Nyundo ilimpata kidole mara moja. Alisema neno ambalo mwalimu Issa alijifanya hakulisikia.

Kisha kuosha. Nilifikiri watatafuta msichana wa kazi. Mama Zaina akafunga kitenge kiunoni: "Ndoo iko wapi? Miye njo nilipiga makelele, miye njo nitaosha." Wakaingia wawili, yeye na Mama Mwamini, maji yanaruka, wengine pwani wanahesabu kwa sauti. Walipofika katikati hesabu ikapotea. Hawa wanasema tano, hawa nne, na ugomvi ukawa mkubwa kuliko ule wa ngulube.

"Mukishuku," mwalimu akasema, "mushike hesabu ndogo."

"Nne!" wakaitika, na maji yakaruka tena.

Mimi nilikuwa na mbao mpya ya muvule nyumbani, niliyojiwekea kwa kitanda. Nikaileta. Sakafu ya pili niliifanya tofauti na ya kwanza: vipande vyembamba juu ya vibao, nafasi ya kidole katikati, ili hewa ipite chini ya gunia na mtu aweze kuchungulia ubavu kila safari. Ni afadhali kuliko nilivyofanya mara ya kwanza. Lazima niseme hivyo, ingawa sisemi kwamba mbwa alikuwa fundi. Nilipokata mbao Amuri aliishika ncha ya pili, kidole chake kimevimba.

Jua lilikuwa bado juu ya miti ya ng'ambo walipomaliza kupakia. Gunia la kwanza kuingia lilikuwa la Mama Zaina. Alilisukuma mwenyewe, akafunga mlango, akauegemea kama mtu anayelinda benki. Dereva akawasha moteri, akamwangalia Amuri, kama walivyozoea madereva wote kumwangalia mwanaume aliye karibu.

"Baba, tuondoke?"

Amuri alikuwa pwani anakamua suruali.

"Unaniuliza miye juu ya nini? Muulize mwenye boti."

Dereva akageuza kichwa. Mama Mwamini alishuka kwanza akaangalia mstari wa kaa upande wa kushoto, akavuka akaangalia wa kulia, kisha akapanda, akakaa.

"Twende," akasema.

Sukari ilifika kavu. Mama Zaina alipiga simu kutoka Kibombo kulalamika kwamba vitenge vinanukia muvule, na kuagiza pahali pake pa safari ijayo.

Sijui kama nimeeleza vizuri. Nikisoma tena naona nimesema mengi juu ya watu na machache juu ya mbao. Vijana wakija kesho nitawaonyesha kwa mikono.

Jioni tumekula wali wa shamba la mkwe wangu, mboga ya lengalenga yenye mafuta mekundu ya ngazi, na kambale mmoja mkubwa ambaye mke wangu alimgawa kwa haki isipokuwa kichwa, alichokichukua yeye.